Kamba kwa Muguu ya Mama

Mi niko mutu ya haraka, na haraka ndiyo ilinitajirisha. Masomo yangu iliishia chini, lakini leo ukifika Butembo ukiuliza depo ya kakao yenye mulango ya buluu, mutu yoyote ya pikipiki atakupeleka bila kufikiri. Nilijijenga miye mwenyewe. Neno moja tu ndiyo linanishinda: kupunguka.

Mvua inapunguka, homa inapunguka, bei inapunguka. Kwetu kila mutu anaisema, na hakuna mwenye anakuambia imebakia kiasi gani. Kitu ikiisha, unalala. Ikipunguka, ungali unangoja.

Nililionja vizuri wakati muguu ya mama ilitoka kidonda, ikavimba. Mama anaishi Beni, commune Ruwenzori, mu nyumba ya matofali yenye mi nilimujengea. Infirmier, muuguzi ya mutaa, alifunga kidonda, akaniita kando: "Patron, muchunge uvimbe. Ikipunguka, muguu inapona. Ikipita goti, watakata."

Nikazungusha kamba pale juu ya kifundo, nikaipiga fundo. Napima kama inakaza ao inalegea. Naenda mpaka barabara, narudi, napima tena.

"Weye!" mama akafoka. "Muguu yangu ni mbuzi ya soko, kila saa unaishika-shika?"

"Mama, ingia gari, twende Butembo. Kule kuko hospitali kubwa. Mutoto yako ana magari!"

"Hata ungekuwa na ndege. Infirmier alisema muguu itulie. Na ile mashimo ya njia, itanibakishia mufupa gani?"

Nikaanza kujisifu, ndiyo dawa yangu nikiogopa. Nikamwambia hakuna munuzi ananifikia. Batu ya kijiji ya Mbau wananiletea kakao yenye walikausha kwa moto kwa sababu jua ilichelewa. Mi navunja mbegu moja, nanusa: "Papa, hii ni kakao ao samaki ya moshi?" Na muzigo inarudi Mbau. Kakao inaachwa kwa bâche, ile turubai ya kuanikia, jua inakunywa maji yake pole pole, mpaka ukiikoroga inalia kama changarawe.

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Ya batu unanusa. Muguu ya mama yako unataka kuiwashia moto."

Tukabaki Beni. Depo inaniita kwa simu, mi nazunguka nyumba kama kuku yenye inatafuta pa kutagia.

Asubuhi moja kamba ikateleza yenyewe mpaka kwa kisigino. Nikakimbilia infirmier. Akaminya muguu, akaminya tena.

"Imepunguka."

"Donc imeisha?"

"Patron, nimesema imepunguka. Hakuna kukata tena. Atembee, mais kidogo-kidogo."

Mama akaomba kandambili. Nikatoa funguo ya gari. Akaiangalia, akashika mukono yangu.

"Mpaka kwa mulango tu, mutoto yangu. Kesho, kwa jirani."

Nikarudisha funguo mu mufuko, tukaenda kwa hatua za mama, nayo inalia.