Filimbi Niliyoiacha, Dufu Nililolikuta Kiswere

Nilikwenda Kiswere kwa sababu nilikuwa nimeharibu kazi. Baada ya miaka kumi na minne ya kupiga filimbi katika orkestra yetu ndogo ya Dar es Salaam, nilipewa fimbo ya kuiongozea, na kiti changu akakikalia Neema, binti mwenye pumzi kunishinda. Katika mazoezi ya kwanza filimbi zilianza kabla ya wakati, fidla zikafuata kwa kusitasita, na mzee wa besi kule nyuma akabaki anafunua kurasa. Onyesho lilikuwa wiki mbili mbele. Nikilivuruga, fimbo ingekwenda kwa mwingine, na kiti cha kurudia sikuwa nacho tena. Shangazi Mwanahawa aliponipigia simu kunialika harusi ya jirani yake, sikujivunga.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, basi lilitoka Mbagala. Nilifungua karatasi za muziki mapajani, nikawa nahesabu kwa vidole huku midomo inatembea. Abiria wa pembeni yangu akadhani navuta uradi, akawa hanisemeshi kwa heshima. Tulivuka Rufiji jua limeshakolea.

Nangurukuru, saa sita hivi, nilinunua korosho za kuwapelekea wenyeji, nikazila zote kabla basi halijaondoka. Kutoka hapo ni vilima na mikorosho, kupanda na kushuka, mpaka Kiswere.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko mnakula upepo?"

Alasiri hiyo hiyo, uani kwake, kikundi chao cha kasida kilikuwa kikijiandaa kwa harusi. Wanawake kumi, shangazi akiwa mmoja wao, walikaa mkekani safu mbili, wakitazamana, kila mmoja na dufu lake. Kiongozi wao, Somoe, ni muuza vitumbua wa rika langu, na sauti ilikuwa imemkauka.

"Dada, si ndiyo kazi yako? Tuongoze basi."

Nikasimama mbele yao, nikainua mikono yote miwili kama nilivyozoea. Wote wakaweka madufu chini, wakainamisha vichwa, wakainua viganja kungoja dua. Shangazi akaitikia "Amina" kabla sijasema neno. Tulicheka mpaka Somoe akashikwa na kikohozi.

"Kaa hapa," akasema, akinivuta mkekani. "Sisi hatusimamiwi."

Akaanzisha kwa kuinua kidevu tu. Madufu yakaitika. Nikaona macho yake hayabanduki kwa shangazi.

"Mbona unamkodolea shangazi yangu?" nikamnong'oneza.

"Ndiye anayechelewa. Hawa wengine wanajiweza. Nikiwatazama wao nitafurahi tu, sitaongoza."

"Sichelewi," shangazi akadakia bila kuacha kupiga. "Nyie ndio mna haraka."

Nilicheka, kisha nikaona haya. Kwenye mazoezi yangu nilikuwa nimewatazama wapiga filimbi peke yao. Nilivuta pumzi pamoja nao, na midomo yangu ilipiga kila noti ya Neema. Orkestra nzima ilikuwa inaningoja nimalize kupiga filimbi nisiyokuwa nayo.

Jumamosi, harusini, sauti ya Somoe ilikuwa bado haijarudi, akanipa nafasi yake. Kasida mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu ilikuwa ya kasi, nami nikavutwa na binti mmoja mwenye mkono mwepesi ajabu. Mara shangazi akateleza. Nikamrudia kwa macho, nikainua kidevu, akanisoma, tukafunga wote kwa pigo moja. Vigelegele vikapasuka. Shangazi akaniambia, "Leo mmeacha haraka."

Jumapili nilirudi Dar na vitumbua vya Somoe, ambavyo safari hii vilifika.

Siku ya onyesho nilimtazama mzee wa besi. Nilipoona anavuta kiti, nilimngoja kidogo, na alipoingia wote waliingia naye. Mwanzo mpaka mwisho hakuna aliyepotea. Ukumbi ukasimama kutupigia makofi.

Nyuma ya jukwaa Neema alinifuata, uso umemshuka.

"Dada, nimekukosea nini? Hujanitazama hata mara moja."

"Kuna mahali ulichelewa?"

"Hapana."

"Basi."

Aliponielewa, akacheka. Filimbi ilikuwa mkononi mwake, bado ya moto, na kwa mara ya kwanza tangu nipewe fimbo, mkono wangu haukuitaka.