Kaseti ya Kunawa Mikono

Nilimfuta mama yangu kwa soksi. Naanza hapa kwa sababu nikianza kwingine nitajipamba, najijua. Soksi yenyewe ilikuwa ya kijivu, nimeishonea vifungo viwili vya shati vikawa macho, na nikiingiza mkono wangu wa kulia ndani yake iliitwa Profesa. Kazi ya Profesa ilikuwa kuzicheka filamu mbovu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, Nyamirambo, hapa hapa Kigali. Miaka ile watu wakiitaja wanashusha sauti, na mimi nashusha pia. Lakini hata miaka ile walikuwepo vijana wapuuzi, na hao naweza kuwaeleza vizuri kwa sababu nilikuwa mmoja wao, tena wa mstari wa mbele.

Baba alikuwa fundi cherehani. Mimi nilikuwa fundi wake wa pili, cheo chenye maana ya kutia vifungo, kupiga pasi na kusingiziwa kila mkasi unaopotea. Mama alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Tulibaki wawili dukani, baba akishona bila kusema, mimi nikisema bila kushona.

Kazi ikipungua nilitorokea kibanda cha video kilichokuwa nyuma ya duka letu. Walionyesha filamu za ngumi, zimenakiliwa na kunakiliwa mpaka nyuso za watu zimekuwa za kijani. Humo ndimo nilimogundua kipaji changu, au ugonjwa wangu, sijui. Wenzangu walitazama ngumi, mimi nilitazama nguo. Shujaa anapigwa, shati linachanika begani, anaanguka. Akisimama, shati zima! Napaza sauti: "Jamani, fundi wa huyu ni nani? Kamshonea saa ngapi?" Kibanda kizima kinaangua kicheko. Jenerali anatoka porini baada ya miezi sita, suruali yake ina mstari wa pasi. "Huko porini mkaa wa pasi wanautoa wapi?" Kicheko tena. Ikafika mahali watu wanauliza mlangoni kama leo nipo, ndipo waingie. Basi kichwa kikavimba, wallahi, nikawa sishikiki.

Aliyeniharibu kabisa ni rafiki yangu, Mzaire wa Bukavu, aliyekuwa akipiga video za harusi. Harusi ni za mwisho wa wiki. Siku nyingine kamera yake ilikuwa imelala. "Weye iko na mudomo," akaniambia, "mimi niko na kamera. Tufanye emisyo yetu." Emisyo ndiyo kipindi, kwa Kifaransa cha kwao. Televisheni ya nchi ilikuwa changa, imeanza majuzi tu, nasi tukaamini kwamba ilikuwa ikitungoja sisi.

Studio ilikuwa duka la baba. Tuliazima televisheni na deki kwa mwenye kibanda, tukaziweka juu ya meza ya kukatia nguo, nyuma tukatundika pazia la mabaki ya vitenge. Mimi nilikaa pembeni ya televisheni nimevaa koti la suti la mteja, chini bukta, maana kamera haikufika chini. Filamu inacheza, naisimamisha, nasema neno, Profesa ananipinga, nampiga Profesa, Profesa ananing'ata pua. Huo ndio ulikuwa ucheshi wetu, msiutafute mwingine. Baba alikataa kusimamisha cherehani kwa ajili ya upuuzi, kwa hiyo kila utani wangu ulisindikizwa na tatatatata mwanzo mpaka mwisho.

Kilichokosekana ni kaseti. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa vita, vitu vingi vilikuwa haba, na kaseti za harusi rafiki yangu hakuthubutu kuzigusa, maana ukimfuta bibi harusi ukoo mzima unakuja na fimbo. Nikamwambia, "Ninayo moja nyumbani. Haina kazi."

Haina kazi! Hebu niwaeleze ilikuwa kaseti ya nini. Mwaka mmoja kabla mama hajafariki, mradi fulani wa afya ulikuja mtaani kwetu kutengeneza filamu ya kufundisha watu kunawa mikono. Mimi waliniteua kuwa mtu mchafu. Hawakunijaribu kwa lolote. Walinitazama tu, wakakubaliana. Nilitakiwa kula chapati kwa mikono yenye matope, kushika tumbo, halafu kukimbia chooni nimeshikilia suruali, mara tatu, na mara ya tatu nisifike. Filamu ilionyeshwa mashuleni na sokoni. Nikapewa jina ambalo sitaliandika hapa, na hadi leo yupo mzee mmoja ananiita hivyo hivyo mbele ya wanangu.

Mama alikuwemo katika filamu ile. Yeye hakuteuliwa. Alikuja kuwagombeza kwa kuziangusha nguo zake alizoanika, mwenye kamera akampenda, akamwomba agombeze vile vile ila iwe juu ya sabuni. Akawa mama wa yule mchafu, anamfuata kila pembe na birika la maji. Mradi ukampa kaseti moja kwa shukrani. Nyumbani hatukuwa na pa kuichezea, akaiweka kwenye sanduku lake chini ya kanga. Alipofariki, baba hakuligusa lile sanduku.

Mimi nililigusa. Nataka mnielewe: sikuwa nimesahau kwamba mama yumo. Ningekuwa nimesahau ningekuwa na la kujitetea. Nilijua, ila kila nilipoifikiria kaseti ile niliona suruali yangu tu, na nikafurahi, naam, nikafurahi kwamba sasa naifuta aibu yangu kwa ustadi wangu. Tukarekodi juu yake siku ile ile.

Jumapili mchana kipindi chetu kikaonyeshwa kibandani. Watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Kesho yake asubuhi nilipita mtaani polepole makusudi, ili kila mtu apate nafasi ya kunisalimu. Nilipofika dukani, baba akaniuliza bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona, "Hiyo mashine yenu inacheza kila kaseti?"

"Kila kaseti, Baba," nikajibu kwa majivuno.

"Hata ile ya mama yako?"

Nikajichoma sindano. "Hata hiyo," nikasema.

"Basi Ijumaa, tukitoka swala, uniwekee. Mimi sina picha yake ila ile ya kitambulisho, na pale amenuna." Akakata uzi kwa meno. "Nataka nimwone akitembea."

Nikawa na siku nne. Nikapanda hadi mtaa wa Kiyovu, kwenye ofisi ya ule mradi, nyumba kubwa yenye maua hadi barabarani. Getini nikamkuta mlinzi. "Mradi irikwisha," akaniambia. "Bazungu barienda na vitu yote."

"Hata kaseti?"

"Hata mapazia." Kisha akanitazama vizuri, uso ukamchanua. "Ala! Si weye ure wa choo?"

Nikateremka mlima. Nikamwendea rafiki yangu wa kamera, nikamweleza yote. Akaiweka kamera chini, maana naye alikuwa na mama, kisha akaniambia, "Sema deki imekula kaseti. Deki inakula kaseti kila siku, hakuna mutu atashangala." Kweli, deki zilikula kaseti kila siku. Nikafanya mazoezi ya uongo huo mbele ya kioo cha wateja, mkono kifuani, sauti inatetemeka. Sijawahi kuigiza vizuri vile.

Ijumaa nikaziazima tena televisheni na deki, baba akaja amevaa kanzu yake nyeupe, amejipaka manukato, ndevu amezichana. Nilimsikia kabisa akimwambia muuza duka wa jirani kwamba leo hana nafasi ya maongezi, anakwenda kumtazama mkewe. Akakifunika cherehani chake kwa kitambaa, akavuta stuli mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni, akakaa wima. Uongo wangu wote ukayeyuka. Msidhani ni uadilifu. Niliogopa kusema uongo na niliogopa kusema kweli, kwa hiyo nikafanya la tatu, nikabonyeza kitufe.

Nikatokea mimi, na koti, na soksi.

Baba akasubiri. Alidhani ni matangazo. Yule mimi wa kwenye kioo cha televisheni anasema neno, ananyamaza kungoja kicheko. Huyu mimi wa dukani anangoja kofi. Wote wawili hatupati kitu. "Hilo koti si la mteja?" baba akasema baadaye kidogo. Nikasema ni la mteja. Kisha akaniuliza kwa adabu, kama anavyomwuliza mtu baki, "Yeye anaingia lini?"

Yaarabi! Sijapata kuona kitu kirefu kama kipindi kile. Utani niliokuwa nimejisifia wiki nzima ulipita mmoja mmoja mbele ya mtu anayemngoja mkewe, na hakuna hata mmoja uliostahili kumchelewesha. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Soksi iling'ata pua mara saba, nilihesabu.

Mwishowe tukaaga, mimi na Profesa. Kibandani huwa wanazima hapo, kwa hiyo sikujua kama mbele kumebaki kitu, na kwa woga wangu sikuwa nimethubutu kutazama. Zikaja chengachenga. Mkono wangu tayari ulikuwa kwenye kitufe cha kuzima. Halafu picha ikaruka, ikatulia, na tukauona ua wetu wa zamani, watu wa mtaa wamejipanga mstari, wananawa na kuimba wimbo wa sabuni. Ulikuwa mwisho wa filamu ile, sehemu ambayo kipindi chetu hakikuifikia. Mwisho kabisa wa mstari, nusu yake nje ya picha, alisimama mama na birika.

Hakuwa anaimba. Maneno ya wimbo hakuyajua. Alipiga hatua nne hivi kwenda kummiminia mtoto maji, akarudi, akapangusa mkono kwenye kanga. Kisha akaigeukia kamera akaikazia macho, kosa ambalo katika filamu ya mtu mwingine ningelishikilia robo saa nikisaidiwa na soksi, akamwuliza mwenye kamera kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "Imeisha?"

Kioo kikawa cheusi.

Nilisikia watu nje wakisalimiana. Kisha baba akauliza, "Na huko mwanzo?"

"Nimemfuta, Baba. Nilirekodi juu yake. Nilijua yumo."

Ningepigwa ningeshukuru. Baba aliitazama ile soksi, ilikuwa imelala juu ya meza na vifungo vyake. Akaitazama sana. Halafu akasema, "Wewe si ulikuwepo? Simama unionyeshe."

Nikasimama. Mchana kweupe, mlango wazi, watu wanarudi kutoka msikitini. Nikala chapati isiyokuwepo. Nikashika tumbo. Nikakimbia kutoka meza ya kukatia hadi mlangoni nimeshikilia suruali, mara tatu, na mara ya tatu sikufika, na mlangoni walikuwa wameshajaa watu, wakaniita lile jina wote kwa pamoja. Nikarudi nikawa mama. Nikashika chupa ya kunyunyizia nguo maji ikawa birika, nikajigombeza kwa maneno yake, kuanzia kucha mpaka sabuni, maneno ambayo hata sikujua kama bado ninayo.

"Siyo hivyo," baba akasema. "Mkono kiunoni."

Nikaweka mkono kiunoni.

"Wa kushoto."

Nikabadilisha. "Eeh," akasema. "Hivyo." Alikuwa analia bila kujificha mbele ya watu wa mtaa, na mimi nilikuwa nalia, nikaendelea kujigombeza hivyo hivyo. Mlangoni hakuna aliyecheka tena.

Nilipofika kwenye wimbo wa sabuni, baba akainua kidole. "Kaa sasa," akasema. "Mwache yeye amalizie."

Nikairudisha kaseti kidogo, nikabonyeza. Mama akapiga hatua zake nne, akamimina maji, akarudi, akapangusa mkono, akatutazama.

"Imeisha?" akauliza.

"Bado," baba akamjibu, na kwa mkono akaniashiria nirudishe.