Koti la Kasisi

Thirza Endacott, mkamua ng'ombe wa nyika za Devon, alikuwa na ulimi wa upupu. Jumapili moja kasisi mpya alihubiri kwamba vibwengo wanaopoteza watu njia ni porojo za vikongwe, macho kamkazia yeye. Jumanne adhuhuri ukungu ulishuka, kasisi akapotea malishoni kwa Thirza.

"Bibi Thirza! Lango liko wapi?"

Lilikuwa nyuma ya kasisi, hatua nne tu.

"Umeshikwa na vibwengo, baba. Geuza koti, livae ndani nje, watakuachia."

"Upuuzi mtupu!"

"Haya, zunguka. Mie nakamua."

Alipozunguka mara ya tano, kasisi akaligeuza koti. Thirza akamshika mabega, akamwelekeza langoni. Kijiji kizima kilimwona akipita, bitana nyekundu nje. Jumapili iliyofuata alihubiri habari za Nuhu; vibwengo hakuwataja tena.