Feni ya Mama King'ora Inatazama Nje

Saa mbili asubuhi. Wenzake wanafungua maduka, yeye anafunga siku. Mama King'ora anaingia chumbani kwake, ghorofa ya tatu, akiwa bado na sare ya kazi. Anavua viatu mlangoni na kwenda moja kwa moja dirishani. Hata maji hajanywa.

Anasukuma kioo ubavuni mpaka mwisho wa reli. Anachukua ubao mrefu mwembamba ulioegemezwa ukutani, anauchomeka kwenye ule uwazi na kuubana kwa kijiti ili usicheze. Katikati ya ubao kuna tundu la mviringo, na kwenye tundu kuna feni. Feni yenyewe imekipa chumba mgongo. Inapuliza nje.

"Cheka tu," anamwambia mwandishi aliyekuja kumhoji. "Kila mtu anacheka. Pale chini wananiambia, 'Mama King'ora, barabara inakushukuru kwa kuipepea.'"

Ni dereva wa gari la wagonjwa, zamu ya usiku, mwaka wa tisa sasa. Jina hilo alipewa na watoto wa jirani kwa ajili ya mlio wa gari lake, na analipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Akiingia kazini jua limezama, akitoka limechomoza. Usingizi wake ni wa mchana, na chumba chake kinatazamana na jua kutwa nzima.

Balaa lake ni madirisha. Yote katika jengo hili ni ya vioo viwili vinavyopishana ubavuni. Ukifungua kimoja, kinakwenda kujificha nyuma ya mwenzake, kwa hiyo hata usukume vipi, nusu ya dirisha imefungwa. Jua la saa sita likikipiga kioo hicho, chumba kinakuwa tanuri.

"Nilikuwa nalala sakafuni, shuka nimeliloweka maji nimejifunika," anasimulia. "Saa saba naamka, shuka limekauka, mimi ndiye nimelowa!"

Joto la mwaka huu lilipoanza, alikuwa akimkimbiza hospitali mama mwenye uchungu wa kujifungua, macho yakajifumba yenyewe kwenye usukani. Akaegesha pembeni. Nesi aliyekuwa nyuma akammwagia maji usoni, wakafika salama, na mtoto akazaliwa. Lakini habari zilimfikia msimamizi, naye akatoa onyo: ikitokea tena, funguo za gari aziache mezani.

"Wakaniambia nikapumzike nyumbani." Hapo sauti yake inapanda. "Nyumbani wapi? Nyumbani ndiko ninakochokea! Niliumia, sikufichi. Mimi si mvivu. Na gari lile simwachii mtu kwa sababu ya dirisha. Dirisha, jamani!"

Kwanza alikimbilia kiyoyozi cha mtumba, kikamla mishahara miwili. Alipokifikisha nyumbani akagundua ni cha dirisha linalofunguka kwa kupanda juu. Kiyoyozi kifupi kipana, uwazi wa dirisha lake mrefu mwembamba. Akakigeuza hivi, akakigeuza vile. Shemeji yake, ambaye ni seremala, akamwambia, "Shemeji, hicho kifanye meza ya televisheni tu." Kutoboa ukuta mwenye nyumba alishakataza. Akakiuza kwa hasara.

Jibu alilipata kazini. Siku hiyo kiyoyozi cha gari kilikuwa kimekufa, na nyuma kuna mtoto anachemka homa. Akafanya kama wanavyofanya siku zote: akasukuma kidogo kioo cha ubavuni, akawasha feni ya darini inayovuta hewa na kuitoa nje. Haukupita muda, mle ndani mkakalika.

"Nikasema, wee! Mgonjwa wangu namtolea joto nje, mimi kwangu nalikoroga tu na kujipulizia usoni? Nina akili kweli?"

Shemeji akakata ubao. Feni inafukuza joto dirishani, na mlango ukiachwa wazi kidogo, hewa ya korido, upande wa kivuli, inaingia kuchukua nafasi. Kile kioo kisichofunguka amekiziba kwa nje na kitambaa cheupe. Si ubaridi wa hotelini, asikudanganye mtu. Lakini analala mpaka saa tisa mchana, na tangu siku hiyo hajasinzia tena kwenye usukani.

Sasa mwenye nyumba anasema ubao unaharibu sura ya jengo. Amempa mpaka leo auondoe kabisa, la sivyo atakuja kuing'oa feni na ubao wake mwenyewe. Mama King'ora ameuchomeka kama kawaida. Usiku wa leo hana zamu, ndiyo maana amempa mwandishi muda, na mazungumzo yamefika saa tano kasorobo asubuhi pale hodi inapopigwa. Ni mwenye nyumba, bisibisi mkononi.

"Mama King'ora, tulielewana vipi?"

"Ulielewana peke yako, baba. Shikamoo lakini."

"Marahaba. Sasa huo ubao..."

"Karibu ukae kwanza. Haraka ya nini?"

Kiti ni kimoja na mwandishi amekikalia, kwa hiyo mgeni anakaa kitandani. Mama King'ora anazima feni. Anafunga mlango. Kisha anaanza kumjulia hali: goti linaendeleaje, wajukuu hawajambo, yule wa mwisho ameshaanza kutembea? Anauliza polepole, kama mtu asiye na kazi nyingine duniani.

Mwenye nyumba anafungua kifungo cha shingo. Anafungua cha pili. Mwandishi naye jasho linamdondokea kwenye karatasi.

"Kwani hiyo feni ni mbovu?" mwenye nyumba anauliza hatimaye.

"Nzima kabisa. Si umekuja kuing'oa? Najizoesha."

Mzee anajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Una maneno sana wewe, mama."

"Sina maneno, nina usingizi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo walau umekikalia."

Mwenye nyumba anajikuta anacheka, kisha anakasirika kwa kuwa amecheka. Anasimama. "Basi upake rangi ya ukuta. Usionekane kutoka chini."

"Nitapaka. Rangi utaleta wewe."

Anaondoka akinung'unika, bila kusema ndiyo wala hapana. Bisibisi ameisahau kitandani. Mama King'ora anaiokota, anakaza nayo parafujo moja ya feni iliyolegea, kisha anaiwasha.

Mpango wake hauishii hapa. Madereva wenzake wa usiku wanalala kwenye vyumba vya madirisha hayahaya, na shemeji ameshaanza kukata mbao za wawili. Akimaliza hao, anasema, atamfuata msimamizi ofisini, amwambie kwamba kabla ya kumwandikia dereva onyo, aulize kwanza analala wapi. "Na mimi nitaendesha mpaka nistaafu. Funguo zile mezani hawazioni."

Anapiga mwayo, anamwonyesha mwandishi njia. "Ukitoka usiufunge mlango wote. Uache kidogo."

Mwandishi anauacha kidogo. Kabla hajafika kwenye ngazi, anamsikia anakoroma.