Chumvi ya Sambaza Kwenye Utando

Siku moja naikumbuka hata leo, mwanangu: nilikula sambaza, vile visamaki vya ziwani, haraka-haraka, nikarudi kazini bila kuvaa glavu.

Nilikuwa kijana mwenye haya, elimu yangu ya shule ya msingi tu. Maman Nsimire, mwalimu wa kemia hapa Bukavu, alinipa kazi ya kukata utando aliotengeneza mwenyewe, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Ndani yake, alinieleza, mna vijia ambamo protoni, chembe ndogo kupita kiasi, hupita na umeme ukapatikana. Macho hayavioni. Kipande hupelekwa ng'ambo, kwenye hadubini yenye sindano inayopapasa utando hatua kwa hatua: penye njia picha hung'aa, pasipo njia huwa giza.

Basi siku hiyo nilikishika kipande kwa vidole vitupu. Nilijua ni kosa, nikanyamaza. Kilionekana safi tu.

Baada ya majuma mengi picha ilifika. Giza tupu. Maman aliitazama, akaketi.

"Miaka tatu," akasema polepole. "Hii utando haiko muzuri. Naiacha."

Niliangalia miguu yangu.

"Maman, ni miye. Niliishika na mikono. Nilikuwa nimekula sambaza."

"Sambaza ya chumvi?"

"Ndiyo, maman."

"Chumvi inaingia mu njia, inakaa pa nafasi ya protoni! Juu ya nini haukusema?"

"Nilisikia haya."

"Ile haya yako iko na chumvi kuliko sambaza!" Akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akanipa glavu na kikoleo. "Kata ingine. Ni wewe utakata."

Picha ya pili ilikuja na nukta za mwanga, nyingi, kama mvua ya kwanza ikidondoka kwenye vumbi. Maman alinishika bega.

Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi naongeza kwamba ukificha kosa lako, huenda mwenzako akaitupa kazi yake njema. Haya ni nguo nzuri, mwanangu, lakini usifunike kweli nayo. Sema mapema, hata sauti ikitetemeka.

Mungu akujalie mikono safi. Na siku itakapochafuka, akujalie kinywa cha kusema.