Kanda Zilizokataa Kunyooka

Wiki hii sijaenda kazini, na sababu ni mdomo wangu. Hapa Kakuma tulikuwa tunashona blanketi la viraka kwa nguo za mwenzetu marehemu, Mama Ekai, tumpe binti yake Akiru, anayeshona nasi. Mimi, eti fundi mkuu, nikapewa kukata kanda za ukingoni. Rula ya nini? Jua lilipenya ufa wa mabati likachora mstari mezani, umenyooka kabisa. Nikakata polepole nikiufuata.

Kanda ikatoka imepinda. Ya pili pia. Ya tatu ikapinda upande uleule, kama kuna mtu anaivuta. Gauni la marehemu nililokuwa nakata lilikuwa bado na harufu yake ya moshi. Nikapiga magoti.

“Mama Ekai, nisamehe! Mkasi wako niliuiba mimi!”

Cherehani zote zikanyamaza. Mama Furaha, Mkongomani, akaja akaweka kidole juu ya ule mstari wa jua. Tukangoja. Mwanga ukakiacha kidole taratibu.

“Jua inatembea, mama,” akasema.

Akiru hakuangalia jua. Alikuwa anaangalia mkasi mkononi mwangu.