Siku Shangazi Alipolipa Jua Mgongo

Harufu ya ndimu ikisuguliwa kwenye shaba hunirudisha kisiwani kwetu Chovae, Wataliani walipokuwa wageni bado Kismayu. Baba, aliyekuwa akiongoza meli kuingia bandarini huko, alirudi na darubini kuukuu ya shaba. Akaketi barazani kuisugua, akituambia kwamba kesho jua litapatwa.

Mimi nilirukaruka kwa furaha. Shangazi Mwanaesha, dada mkubwa wa Baba, aliinuka akaanza kuziba madirisha.

"Jua huotwa, halitazamwi," alisema.

Shangazi ndiye aliyenilea tangu mama afariki, lakini hakuwahi kunitazama usoni. Akizungumza nami aligeuza kichwa pembeni, kama aliyenusa samaki aliyechacha. Nami, kwa akili zangu za kitoto, niliamini hanipendi.

Asubuhi, mwanga ulipoanza kufifia na kuku kurudi bandani wakiwa wamechanganyikiwa, nilimponyoka Shangazi kabla hajajifungia ndani, nikakimbilia uani. Baba alikuwa ameielekeza darubini juani, akageuka kuchukua shuka. Nikainama kuchungulia. Jicho halijafika, mkono ulinivuta nyuma nikaanguka mchangani.

"Mchu mmoja anatosha nyumba hii!" Shangazi alifoka kwa lahaja yetu, mchu akimaanisha mtu.

Baba hakugomba. Alitandaza shuka nyeupe juu ya kitanda cha kamba kilichoegemea ukuta, mkabala na darubini. Pakatokea duara la mwanga, kubwa kama kisahani, limemegwa ubavuni.

"Hivi haliumizi, dada," alisema taratibu. "Lipe jua mgongo, utazame hapa."

Shangazi alisita sana. Kisha akaiinamia shuka, akageuza kichwa pembeni, vilevile alivyonifanyia mimi.

"Naliona," alinong'ona. "Kwa pembeni naliona."

Baba akaniambia kwamba dada yake, akiwa msichana kama mimi, alilikodolea macho jua lilipopatwa. Tangu hapo kila anachokitazama moja kwa moja humpotea. Nikamsogelea, nikamshika mkono.

"Nisimulie, mwanangu. Limebaki kiasi gani?"

"Kama ukucha, Shangazi."

Alicheka huku machozi yakimtoka, akanikumbatia, nami nikaendelea kumsimulia hadi duara likatimia tena.

Siku ile nilidhani ajabu ilikuwa ile ya kwenye shuka. Sasa nina wajukuu, na nikiwaona wakikimbilia hatari ndipo ninapoelewa: shangazi alikuwa amejifungia ndani kwa hofu ya jua lile, na aliufungua mlango kwa sababu mimi nilikuwa nje.